Kila mtoto afaulu ifikapo 2014: jinsi sheria moja ilivyozipima shule za umma za Marekani

Agosti 2014, wazazi wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, waliandikiwa barua na Rebecca Holcombe, mkuu wa elimu wa jimbo hilo. Iliwaarifu kwamba kwa mujibu wa sheria ya serikali kuu, kila shule ya umma ambayo wanafunzi wake walifanya mtihani wa jimbo mwaka uliotangulia imehesabiwa kuwa shule inayofanya vibaya. Kila shule, haikubaki hata moja. Barua ikaongeza kwamba jimbo lenyewe halikubaliani na hukumu hiyo wala na sera iliyoizaa.

Shule za Vermont hazikuwa mbovu. Katika NAEP, mtihani wa sampuli unaofanywa nchi nzima, wanafunzi wake walikuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri zaidi Marekani. Wala hapakuwa na mtu aliyekosea hesabu. Hukumu ile ilitoka moja kwa moja kwenye maneno ya sheria iliyosainiwa miaka 12 kabla, ikiwa imepitishwa na vyama vyote viwili kwa kura nyingi, kwa nia ambayo mtu yeyote anayewaonea uchungu watoto maskini angeiunga mkono. Ndani yake mlikuwa na jambo jema sana na jambo baya sana, yamefungwa pamoja. Wengi wanaoijadili hushika moja wakalisahau la pili, ndiyo maana inafaa kuifungua kipande kwa kipande.

Washington ilipataje kuamuru shule?

Katiba ya Marekani haitaji elimu popote. Madaraka ambayo haikuyataja yamebaki kwa majimbo, na majimbo nayo yamezikabidhi shule kwa wilaya za elimu zaidi ya 13,000, nyingi zikiwa na bodi zinazochaguliwa na wakazi na kutegemea kodi ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo mtaa wa matajiri huwa na shule yenye fedha, na mtaa wa maskini huwa na shule inayobangaiza. Kwa miaka mingi serikali kuu imechangia chini ya sehemu moja ya kumi ya gharama zote za shule za umma. Hata Wizara ya Elimu ya taifa ni changa, ilianza kazi mwaka 1980.

Mlango ambao Washington iliingilia ulikuwa fedha. Aprili 11, 1965, Rais Lyndon Johnson alisaini sheria ya elimu ya msingi na sekondari mbele ya kijishule alichosomea utotoni huko Texas, mwalimu wake wa kwanza akiwa ameketi kando yake. Johnson mwenyewe aliwahi kufundisha watoto wa Kimeksiko katika mji maskini wa Cotulla, na umaskini aliouona pale hakuusahau. Sehemu ya kwanza ya sheria yake ilipeleka fedha kwenye shule zenye watoto wengi wa familia zenye kipato kidogo. Hakuna jimbo lililokataa fedha hizo, na anayepokea fedha hupokea na masharti yake. Tangu hapo sheria nyingi kubwa za shirikisho kuhusu shule zimekuwa marekebisho ya ile ya 1965, na kila rais aliyetaka kuzibadili shule amebadili masharti.

Kwa karibu miaka 30 masharti yalikuwa mepesi: onyesha kwamba fedha zimetumika kwa watoto waliokusudiwa. Mwaka 1983 tume iliyoundwa chini ya Rais Reagan ilitoa ripoti iliyotangaza kwamba taifa liko hatarini kwa sababu ya elimu dhaifu, na swali likageuka. Watu wakaacha kuuliza tu fedha zimekwenda wapi, wakaanza kuuliza mtoto amejifunza nini. Mwaka 1994 marekebisho yaliyataka majimbo yawe na viwango na mitihani, lakini jimbo lililozembea halikufanywa lolote la maana.

Wakati huohuo Texas ilikuwa imeanza kuchapisha matokeo ya kila shule yakiwa yamegawanywa kwa rangi na kipato. Gavana wa Texas alikuwa George W. Bush. Alipogombea urais alisema kwamba kutotarajia mengi kwa mtoto mweusi au maskini ni ubaguzi wa aina yake, uliojificha nyuma ya upole. Hoja hiyo iliwagusa hata wapinzani wake. Seneta Edward Kennedy, jina kubwa la chama cha Democratic, aliketi na John Boehner wa Republican wakaandika sheria pamoja. Ilipita kwa kura 381 dhidi ya 41 katika Baraza la Wawakilishi na 87 dhidi ya 10 katika Seneti. Bush aliisaini Januari 8, 2002, katika shule ya sekondari ya Hamilton, Ohio, ikaitwa Sheria ya Kutoacha Mtoto Yeyote Nyuma. Kwa kifupi ni NCLB.

Mtihani unaompima nani?

Msomaji aliyelelewa na mtihani wa darasa la saba au la nane anahitaji kugeuza fikra kidogo. Mtihani aliouzoea humpima mtoto: akifeli, njia yake inafungwa. Mtihani wa NCLB uliipima shule. Sheria ya shirikisho haikusema mtoto aliyefeli arudie darasa wala akose nafasi ya sekondari. Aliyebeba adhabu ni mwalimu, mkuu wa shule na wilaya. Mtoto wa miaka minane aliketi na karatasi ambayo kwake haikuamua kitu, huku kazi ya mtu aliyesimama mbele yake ikiitegemea karatasi hiyo. Mengi yaliyofuata yanaeleweka kutokea hapo.

Masharti yalikuwa haya. Kila mwanafunzi wa darasa la tatu hadi la nane afanye mtihani wa kusoma na wa hisabati kila mwaka, na mara moja tena akiwa sekondari. Angalau asilimia 95 ya wanafunzi waketi mtihani, ili shule isiwafiche walio dhaifu siku hiyo. Matokeo yachapishwe kwa shule nzima na pia kwa kila kundi peke yake: kwa rangi na asili, watoto wa familia maskini, wenye ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Na kila kundi lifikie lengo la mwaka, likipanda hatua kwa hatua hadi mwaka wa masomo 2013–14, ambapo asilimia 100 ya watoto wote wangekuwa wamefikia kiwango.

Sharti la makundi ndilo jambo jema nililolitaja. Wastani wa shule ni pazia. Shule ya kitongoji chenye neema inaweza kujivunia wastani wa juu miaka nenda rudi huku watoto wake weusi 40 hawasomi vizuri na wenye ulemavu wamewekwa chumba cha nyuma na vitabu vya kupaka rangi. Kabla ya 2002, katika majimbo mengi, mzazi wa watoto hao hakuwa na karatasi ya kumwekea mkuu wa shule mezani. Baada ya 2002 alikuwa nayo. Jumuiya nyingi za kutetea haki za raia na za watu wenye ulemavu zilisimama upande wa sharti hili hadi mwisho kwa sababu hiyo, na mimi naona walikuwa sahihi kwa hilo.

Hesabu isiyoweza kutimia

Ubaya ulikuwa kwenye hesabu. Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 500 wa kila namna: weusi, weupe, Walatino, maskini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Pamoja na hesabu ya shule nzima, hayo ni makundi saba. Kila kundi lina masomo mawili, na kwa kila somo lina vizingiti viwili, yaani mahudhurio ya mtihani na ufaulu. Jumla ni vizingiti 28, na kingine kimoja juu yake, kwa mfano mahudhurio ya kila siku au idadi ya wanaohitimu. Shule ikivuka 28 ikaanguka kimoja, imeshindwa mwaka mzima, sawasawa na shule iliyoanguka vyote. Shule jirani yenye watoto weupe wa familia zenye uwezo ilikuwa na vizingiti visivyozidi kumi. Sheria iliyokusudiwa kuwatetea watoto wa makundi ya pembezoni ikawa inaiweka shule hatarini zaidi kadiri inavyowapokea.

Tena ilihesabu wangapi wamevuka mstari bila kuangalia kila mmoja alianzia wapi. Mtoto aliyeingia darasa la tano akisoma kama wa darasa la pili, akafundishwa hadi akasoma kama wa darasa la nne, kwa mwalimu yeyote ni ushindi. Katika kitabu cha NCLB alikuwa amefeli. Baadaye majimbo machache yaliruhusiwa kujaribu kupima ukuaji wa mtoto, lakini lengo la 2014 halikuondolewa.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza lilikuwa na kitendawili chake. Mwanafunzi akishakijua Kiingereza hutolewa kwenye kundi, na nafasi yake huchukuliwa na mgeni aliyeshuka ndege jana. Kundi linalowapoteza wanaofaulu kila mwaka haliwezi kufikia asilimia 100 hata likifundishwa na malaika. Kanuni zililegezwa kidogo: mgeni asamehewe mtihani wa kusoma mara moja katika mwaka wake wa kwanza, na aliyehitimu Kiingereza aendelee kuhesabiwa kundini kwa miaka miwili. Lakini mwaka wa pili mgeni alihesabiwa sawa na aliyezaliwa Ohio, na hali watafiti wa lugha wanakadiria kwamba Kiingereza cha masomo huchukua miaka minne hadi saba kukomaa. Familia za Kikongo zilizopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na kuhamishiwa miji kama Louisville na Des Moines katika miaka ya 2010 zilikuta kanuni hizi bado zinafanya kazi. Watoto wao, wanaosema Kiswahili nyumbani na huenda na Kibembe au Kinyamulenge pia, walikuwa hesabu katika jedwali ambalo wazazi hawakujua kama lipo. Sheria iliruhusu mitihani kwa lugha nyingine pale inapowezekana, na kwa kawaida majimbo yaliishia kwenye Kihispania na lugha chache kubwa.

Shule iliyokuwa ikipokea fedha za maskini na kukosa lengo ilipanda ngazi ya adhabu. Miaka miwili mfululizo: itangazwe kuwa inahitaji kuboreshwa, na wazazi wapewe haki ya kuhamisha watoto. Mwaka wa tatu: wilaya ilipe masomo ya ziada kutoka kwa watoa huduma wa nje. Wa nne: wafanyakazi wabadilishwe au mtaala upinduliwe. Wa tano na kuendelea: shule ivunjwe na kuundwa upya, ikabidhiwe waendeshaji binafsi, au jimbo liichukue. Haki ya kuhama ilitumiwa na takriban mtoto mmoja katika kila 100 waliostahili, kwa kuwa shule nzuri za karibu zilikuwa zimejaa, na vijijini hapakuwa na shule nyingine kabisa. Na shule nyingi zilizofika ngazi ya mwisho zilichagua kipengele kilichosema "mabadiliko mengine makubwa", neno pana lililobeba chochote. Fedha za ziada ambazo Kennedy aliamini zingefuatana na masharti hazikufika kiasi kilichoandikwa katika sheria. Shule iliambiwa imeshindwa, ikaachiwa walimu walewale, darasa lilelile na njaa ileile ya watoto wake.

Kilichofanywa na watu waliobanwa

Cha kwanza kilifanywa na majimbo yenyewe. Sheria ilidai asilimia 100 wafikie kiwango, lakini iliacha kila jimbo liamue kiwango ni nini. Mwaka 2005 Mississippi ilitangaza kwamba asilimia 89 ya watoto wake wa darasa la nne wamefikia kiwango cha kusoma. Katika NAEP, mtihani ambao jimbo halikuutunga, waliofikia walikuwa asilimia 18. Massachusetts iliweka kiwango kigumu, ikaadhibiwa kwa ukweli wake, shule zake nyingi zikaonekana zimeshindwa kuliko za majimbo yaliyolegeza. California ilifanya ujanja wa kalenda: miaka ya mwanzo lengo liwe chini karibu bila kusogea, kisha kuanzia 2008 lipande kwa takriban asilimia 11 kila mwaka. Waliopanga walijua mlima uko mbele, na waliamini sheria itabadilishwa kabla hawajaufikia.

Cha pili kilifanyika darasani. Kituo cha Sera ya Elimu kiliziuliza wilaya mwaka 2007, na asilimia 62 zikajibu kwamba zimeongeza muda wa kusoma au hisabati katika shule za msingi. Siku haikurefushwa, kwa hiyo asilimia 44 zilikiri kupunguza sayansi, historia, sanaa, michezo, hata mapumziko ya watoto. Upunguzaji huo ulizibana zaidi shule zilizokuwa hatarini, ambazo ndizo shule za maskini. Mtoto wa daktari alibaki na muziki na maabara, mtoto wa mfagizi akapata vijitabu vya kujaribia maswali. Na hapa kuna kosa la kielimu linaloniuma zaidi ya yote: uwezo wa kuelewa maandishi hutegemea kwa sehemu kubwa kujua mambo ya dunia. Ukimnyima mtoto historia na sayansi ili umpe mazoezi ya ufahamu, unakata tawi ambalo ufahamu wenyewe umelikalia.

Cha tatu ni ugawaji wa nguvu za mwalimu. Kwa kuwa kilichohesabiwa ni kuvuka mstari, mtoto mwenye thamani kwa takwimu alikuwa yule aliye chini yake kidogo tu. Wa juu amekwisha kuvuka, wa chini kabisa hatavuka mwaka huu. Wachumi Derek Neal na Diane Whitmore Schanzenbach walichunguza matokeo ya Chicago na kukuta hilo hasa: watoto wa katikati walipanda, walio chini kabisa hawakuonyesha nafuu. Yule aliyetajwa katika jina la sheria, anayeachwa nyuma, ndiye aliyekuwa na faida ndogo kwa shule.

Cha nne ni udanganyifu. Rod Paige, aliyekuwa waziri wa elimu wakati sheria inasainiwa, alitokea kuongoza shule za Houston, mji uliosifiwa kama ushahidi kwamba njia ya Texas inafanya kazi. Mwaka 2003 ikafichuka kwamba shule moja ya sekondari mjini humo iliandika kuwa hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeacha masomo, na ukaguzi wa jimbo ukakuta maelfu ya walioacha katika shule za mji huo wameorodheshwa kana kwamba wamehama. Huko El Paso mkuu wa shule za wilaya, Lorenzo Garcia, alikiri kosa mwaka 2012 na kufungwa. Katika mpango wake wanafunzi wahamiaji wenye Kiingereza kidogo walirukishwa au kurudishwa darasa ili wasiwepo kwenye darasa la kumi linalopimwa, na wengine walisukumwa waache shule kabisa.

Atlanta ndiyo inayojulikana zaidi. Wachunguzi wa jimbo la Georgia waliangalia karatasi za mtihani za 2009 na kukuta majibu mengi yaliyofutwa na kusahihishwa kupita kawaida. Ripoti yao ya Julai 2011 ilisema udanganyifu ulikuwepo katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, ikawataja walimu na viongozi 178, wakiwemo wakuu wa shule 38. Zaidi ya 80 walikiri. Mwaka 2015 washtakiwa 11 walitiwa hatiani kwa kosa la njama lililotungiwa makundi ya wahalifu. Mkuu wa shule za mji, Beverly Hall, aliyekuwa ametunukiwa heshima ya kitaifa mwaka 2009, alikana mashtaka na kufariki kabla ya kusimama mahakamani.

Magazeti yaliandika mengi kuhusu walimu wale na adhabu zao. Waliodhurika ni watoto. Mtoto asiyejua kusoma akipewa alama ya aliyefikia kiwango, hupoteza msaada wa ziada aliostahili. Karatasi inasema yuko salama, na karatasi ndiyo inayoaminiwa. Shinikizo lilitoka ngazi nyingi, malengo ya wilaya yenyewe yakiwemo, na siwezi kumwondolea hatia mtu mzima aliyeshika kifutio. Mwanasayansi ya jamii Donald Campbell alikwisha kuonya tangu miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kimoja kinavyotumika kuamua mambo mazito, ndivyo kinavyovutia uchakachuaji na kuharibu kile kilichowekwa kukipima.

Je, watoto walijifunza zaidi?

Ndiyo kwa kiasi, na si kote. Katika NAEP wastani wa hisabati wa darasa la nne ulitoka 226 mwaka 2000 ukafika 240 mwaka 2007. Watoto weusi walipanda kutoka 203 hadi 222, weupe kutoka 234 hadi 248, kwa hiyo pengo lilipungua kutoka alama 31 hadi 26. Hayo si madogo. Lakini sehemu kubwa ya mruko ilitokea kabla ya 2003, wakati sheria mpya haijashika vizuri. Wachumi Thomas Dee na Brian Jacob walilinganisha majimbo yaliyokuwa tayari na mfumo wa kuwajibisha shule na yale ambayo NCLB iliyaletea jambo jipya. Walikuta sheria ilisaidia hisabati, hasa darasa la nne, na faida ilionekana pia kwa watoto maskini. Katika kusoma hawakukuta kitu. Wastani wa kusoma wa darasa la nane ulikuwa 264 mwaka 2002 na 263 mwaka 2007.

Tofauti ya masomo haya mawili ina maelezo yanayoridhisha. Hisabati mtoto huipata karibu yote shuleni, kwa hiyo shule ikibanwa huweza kuisogeza. Kusoma hubeba nyumba nzima ndani yake: maneno aliyoyasikia tangu utotoni, vitabu vilivyopo au visivyopo, mambo anayoyajua. Huwezi kuyabana hayo kwa hofu ya mwezi wa mtihani.

Kutoka msamaha hadi sheria mpya

Sheria ilitakiwa irekebishwe mwaka 2007. Bunge lilishindwa kukubaliana, na lengo la asilimia 100 likaendelea kusogea. Mwaka 2011 karibu nusu ya shule za umma nchini zilikosa lengo la mwaka. Utawala wa Obama na waziri wake Arne Duncan ukaanza kutoa misamaha: jimbo lisamehewe tarehe ya 2014 likikubali masharti mengine, likiwemo la kuwapima walimu kwa kutumia alama za wanafunzi wao. Majimbo zaidi ya 40 yalipokea. Jimbo la Washington, lililo magharibi na si mji mkuu, lilikataa kuwalazimisha walimu wake wapimwe hivyo, likanyang'anywa msamaha Aprili 2014. Vermont nayo haikukubali masharti, na ndiyo maana ya barua ya Holcombe: sheria ilibaki kwake kama ilivyoandikwa.

Naamini misamaha ilizidisha kosa. Adhabu iliyokuwa juu ya shule ilishushwa juu ya mwalimu mmojammoja, kwa kipimo kinachoyumba mwaka hadi mwaka. Ndipo wazazi wenyewe wakachoka. Katika jimbo la New York, mwaka 2015, takriban mtoto mmoja kati ya watano wa darasa la tatu hadi la nane hakuketi mtihani kwa sababu wazazi wake walikataa.

Desemba 10, 2015 Obama alisaini sheria mbadala, ESSA, nayo ikipita kwa kura za vyama vyote viwili. Mtihani wa kila mwaka ulibaki, na matokeo kwa makundi yakabaki. Lengo la asilimia 100 lilifutwa, pamoja na ngazi ya adhabu na amri ya kumpima mwalimu kwa alama. Majimbo yalirudishiwa kazi ya kuamua shule ipi inahitaji msaada na msaada gani, mradi yazishughulikie shule za chini kabisa, asilimia 5 ya zinazopokea fedha za maskini, na sekondari ambazo theluthi ya wanafunzi au zaidi hawahitimu. Yalitakiwa kuongeza kipimo kisicho cha alama, na mengi yalichagua utoro wa muda mrefu. Maendeleo ya Kiingereza kwa wageni yakawa kipimo rasmi, na jimbo linaweza kumpima mgeni mwaka wa kwanza ili kujua alipoanzia, mwaka wa pili likaangalia amesogea kiasi gani, na kumhesabu kikamilifu mwaka wa tatu. Kwa mtoto aliyetoka Bukavu akiwa darasa la sita, huo ni uadilifu ambao NCLB haikuwa nao.

Kuna wanaosema ESSA ililegeza mno. Wanaonyesha kwamba baada ya 2013 alama za wanafunzi wa chini zilianza kushuka, hata kabla shule hazijafungwa na korona mwaka 2020. Kushuka huko ni kweli na kunatisha. Lakini kulianza kabla ESSA haijasainiwa, na miaka hiyohiyo simu ziliingia mikononi mwa watoto na wilaya nyingi zilikuwa bado zinauguza bajeti zilizokatwa baada ya mdororo wa 2008. Sioni jinsi ya kuitupia sheria moja lawama zote hizo.

Mfano unaonishawishi unatoka Mississippi, jimbo lilelile lililoweka kiwango cha chini mwaka 2005. Mwaka 2013 lilipitisha sheria ya kusoma: walimu wafundishwe upya namna ya kufundisha herufi na sauti, wakufunzi watumwe kukaa ndani ya shule dhaifu, watoto wapimwe mapema, na wa darasa la tatu asiyesoma arudie. Kipengele cha mwisho kina ukali wake na kinabishaniwa. Lakini kutoka nafasi ya 49 katika kusoma darasa la nne mwaka 2013, Mississippi ilifika nafasi ya 9 katika NAEP ya 2024. Shule zake dhaifu zilitumiwa mtu wa kukaa na mwalimu darasani, jambo ambalo NCLB haikuwahi kulifanya sharti.

Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu, ingawa kuifuta kabisa kunahitaji Bunge. ESSA bado ni sheria. Kwa hiyo mzazi anayesoma Kiswahili akiwa Louisville au Des Moines ana haki kadhaa mkononi leo. Kila shule ya umma ina ripoti ya mwaka iliyo wazi kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo, yenye matokeo ya kila kundi, na anaweza kutafuta pale wanaojifunza Kiingereza na kuona kama wanasonga. Kama shule inapokea fedha za maskini, anaweza kuandika kuomba sifa za kitaaluma za mwalimu wa mtoto wake, na shule inapaswa kumjibu. Mtoto akiwekwa kwenye mpango wa Kiingereza, shule inapaswa kumweleza mzazi kwa nini, alama yake ni ipi, na atatoka kwa vigezo gani. Na kwa jinsi sheria ya haki za raia ya 1964 ilivyotafsiriwa kwa miaka mingi, mzazi asiyejua Kiingereza anastahili mkalimani katika mambo ya msingi ya shule, bila malipo, na si haki mtoto wake ndiye ageuzwe mkalimani. Siku ya kikao na mwalimu, aombe mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa maandishi.